Jina Liko Ndani ya Mpini

Mwaka jana nilimpa mwandishi ninayempenda kuliko wote alama nne kwa kumi. Sikujua ni yeye. Nilikuwa mmoja wa wasomaji wa mchujo wa kwanza katika shindano la hadithi fupi, na hadithi zilitufikia zikiwa na nambari tu, bila majina. Hadithi nambari 41 niliisoma ndani ya matatu nikitoka tao, nikaandika pembeni: "Ana kipaji, lakini anajikaza sana. Ajaribu tena mwakani." Nambari 17 niliisoma mara mbili, nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu. Nikasema huyu ni yeye. Hata ajifiche kwenye gunia, namtambua kwa anavyokata sentensi zake. Nikampa tisa.

Majina yalipofichuliwa, 41 ndiye alikuwa yeye. Nambari 17 alikuwa mwanafunzi wa chuo, mwaka wa pili, ambaye bila shaka alimsoma mwandishi yule kama nilivyomsoma mimi, na pengine kwa makini zaidi.

Manze, niliona aibu. Kukosea peke yake hakukunisumbua sana, maana kila msomaji hukosea. Kilichonikosesha usingizi ni kwamba nimewahi kuandika makala mbili za kumsifu mwandishi huyo, na sasa sikuwa na hakika kama nilichokuwa nikikisifu ni kazi yake au jina lake kwenye jalada.

Sijawahi kumwambia mtu haya. Nayasema leo kwa sababu nimepata mahali pa kuyasemea: kwenye panga za Kijapani. Subiri, usifunge ukurasa. Huko kuna watu ambao kwa mamia ya miaka wamekuwa wakipata aibu kama yangu, na badala ya kuificha wameijengea shule.

Mimi, kama wengi wa rika langu, niliingia humo kupitia anime. Nilitaka tu kujua kama upanga wa Kondō Isami, yule kamanda wa Shinsengumi, ulikuwa wa kweli ama ni chumvi ya watunzi. Nikajikuta saa tisa usiku natazama picha za vipande vya chuma chenye kutu nyeusi, kila kimoja kikiwa na herufi mbili tatu zilizochongwa, na chini yake watu wazima wakibishana kama herufi moja imechongwa na mkono huu ama ule. Nikasema, kumbe hawa ni wahakiki. Hawa ni sisi.

Ukiutazama upanga wa Kijapani ndani ya kabati la makumbusho ukiwa umevishwa mpini na ala, huoni jina la aliyeufua. Bapa likishapita ile kinga ya mkono, linaendelea kama ulimi wa chuma usionolewa, unaoingia ndani ya mpini na kushikiliwa hapo na kijiti cha mwanzi. Ulimi huo unaitwa nakago. Ukitaka kuuona, unagonga kijiti kitoke, unauvua mpini polepole, na hapo ndipo unakuta maandishi, kama yapo. Ndiyo mei, sahihi ya mhunzi. Ameichonga kwa patasi ndogo na nyundo, pigo kwa pigo.

Yaani mtu amefua chuma, amekikunja, amekipiga tena, amekitia motoni na majini, halafu jina lake analiweka mahali ambapo mwenye upanga anaweza kukaa miaka bila kuliona. Sisi siku hizi jina la mwandishi linachapwa kubwa kuliko jina la kitabu. Lakini hata huku kwetu haikuwa hivyo daima. Baadhi ya watunzi wa tenzi walilichelewesha jina: unasoma beti na beti, na ukikaribia mwisho ndipo mtunzi anajitaja, yeye na baba yake, na pengine mji wake. Ulikuwa umeshamsikia kabla hujamjua.

Sahihi iliyokamilika ina mambo machache: jimbo, kijiji au mji, jina, na neno la kusema "ametengeneza". Upande wa pili wa nakago huenda kuna tarehe. Hata tarehe ina ujanja wake. Mwaka unahesabiwa kwa jina la enzi, na mwezi mara nyingi huwa wa pili au wa nane, kana kwamba wahunzi wa Japani nzima walilala miezi mingine kumi. Anayesoma tarehe hiyo kama risiti ya supamaketi amepotea mapema. Inabidi ajue kwamba desturi ya uandishi nayo imeshika patasi.

Kuna suala la upande pia. Upanga wa zamani wa wapanda farasi, tachi, uliningʼinia kiunoni makali yakiangalia chini. Ule uliokuja baadaye, katana, ulichomekwa kwenye mshipi makali yakiangalia juu. Kwa kawaida mhunzi aliweka sahihi upande ule unaoangalia nje, mbali na mwili wa mvaaji. Kwa hiyo mahali pa jina tu, kabla hujasoma hata herufi moja, panaweza kukudokezea upanga ulivaliwa vipi na enzi zipi. Halafu, ukishafurahi kuijua kanuni hiyo, unakutana na shule ya Tadayoshi wa Hizen, ambao walitengeneza katana na kuweka sahihi upande wa tachi. Kanuni bila orodha ya wanaoivunja haikufikishi mbali.

Na jina lenyewe? Chukua Sukesada. Katika kijiji cha Osafune, jimbo la Bizen, ambalo leo liko ndani ya mkoa wa Okayama, karne ya 16 ilikuwa na wahunzi wengi waliotumia jina hilo hilo. Vita ilikuwa kila upande, panga zikihitajika kwa mafungu. Upanga wa mafungu ulipewa sahihi fupi: Bishū Osafune Sukesada, basi, chukua uende. Lakini mteja mwenye uwezo akiagiza wa kwake, mhunzi aliliandika jimbo kwa kirefu na kuongeza jina lake binafsi, kwa mfano Yosōzaemon-no-jō, ili ijulikane ni Sukesada yupi. Kwa hivyo aliyezoea haulizi tu jina ni nani. Anauliza limeandikwa kwa urefu gani, na kwa nini huyu alijitaja kwa kirefu na yule akafupisha. Jina hilo hilo linaweza kuwa la msanii aliyetulia juu ya kazi yake siku nyingi, au la karakana iliyofanya kazi usiku kucha kwa sababu jeshi linaondoka asubuhi.

Sasa tufike kwenye noma yenyewe, ambayo ni gimei, sahihi ya uongo.

Palipo na jina linalouzika, kuna mtu mwenye patasi. Nagasone Kotetsu alikuwa fundi wa mavazi ya chuma ya vita. Alipofika umri wa miaka 50 hivi, akageukia kufua panga mjini Edo, Tokyo ya leo, katika karne ya 17. Panga zake zilikata vizuri mno hata jina lake likawa balaa. Wajapani wana msemo kwamba ukiona Kotetsu, ichukulie ni feki. Kotetsu mwenyewe alikuwa akibadilisha anavyochonga jina lake. Herufi ya simbamarara iliyo ndani yake ina umbo moja miaka ya mwanzo na umbo jingine, lenye pembe kama sanduku, miaka ya baadaye. Mghushi akichukua umbo la mwanzo na kulibandika kwenye upanga wenye mtindo wa baadaye, amejifunga goli mwenyewe.

Ndiyo maana msomaji mzuri wa sahihi haanzi kwa kulinganisha herufi na picha ya kitabuni. Mghushi naye ana kitabu hicho. Anaanza na kutu. Kutu ya nakago haisafishwi, na anayeisugua ili jina "lionekane vizuri" ameua shahidi. Kutu ya karne nyingi ni nyeusi, laini, imetulia. Sahihi ya kweli imezeeka pamoja nayo, kwa hiyo ndani ya mikato ya herufi rangi ni ile ile ya pembeni. Sahihi iliyochongwa jana juu ya kutu ya juzi huacha dalili: kingo zinakwaruza, na mkato umepasua ngozi ambayo chuma kilikuwa kimeshaivaa. Kisha anatazama mistari ya tupa, maana kila shule ilikuwa na namna yake ya kuipitisha tupa kwenye nakago: mlazo, mshazari, au kama manyoya ya ndege. Kisha umbo la ncha ya nakago. Akimaliza yote hayo ndipo anarudi kwenye herufi, na hata hapo haangalii umbo peke yake. Anaangalia mwendo: patasi ilianzia wapi, ilisita wapi, ilikanyaga kwa nguvu wapi. Mtu aliyeandika jina lake mara elfu haliandiki kama mtu anayelichora.

Hapo nilisimama kidogo, siku ile ya kwanza. Mwanafunzi wangu wa nambari 17 hakulichora jina la mtu. Alichukua mwendo. Hiyo ni kazi ngumu zaidi, na ni halali zaidi, na ndiyo iliyoniangusha mimi.

Shule niliyoitaja inaitwa kantei. Kukiwa na kikao, panga kadhaa zinawekwa mezani na nakago zake zimefunikwa. Jina lipo, lakini hairuhusiwi kuliona. Unainua upanga kwa adabu, unautazama umbo lake: umepinda sana karibu na mpini, kama zile za enzi ya Kamakura? Ni mpana na mrefu kupita kiasi, kama za karne ya 14? Umenyooka karibu kama fimbo, kama zile za miaka ya 1660? Halafu unauelekeza kwenye taa, unautafuta mstari wa ukungu unaokimbia kando ya makali, ambao hutokea upanga unapozamishwa majini ukiwa wa moto. Mstari huo hauwezi kudanganya kirahisi kama jina, maana umezaliwa na udongo, moto na maji kwa dakika moja. Unautazama mng'ao wa pua yenyewe, iliyokunjwa mara nyingi hadi ikaonyesha nyuzi kama mbao. Ukimaliza unaandika jina la mhunzi kwenye karatasi na kumpa msimamizi.

Majibu ya msimamizi ndiyo yaliyonifanya niipende shule hii. Hakuna pasi na feli tu. Ukipatia, unaambiwa umelenga. Ukimtaja mtu wa karibu sana, kama mwana au mwanafunzi wa mhunzi mwenyewe, unajibiwa kwamba ni sawa na kupatia, maana kosa hilo ni la mtu aliyeona. Ukikosa mtu lakini ukapatia jimbo, unaambiwa hivyo. Ukikosa hata enzi, unaambiwa pia, na unarudi kutazama tena na kuandika jina jingine. Nikajiuliza, lini uhakiki wetu uliwahi kuwa na ngazi hizo? Kwetu mtu ama amependa ama amekataa. Hakuna anayeandika, "Nilidhani hii ni ya fulani, na nilikosea, lakini nilikosea karibu."

Kwa kipimo hicho, mimi kwa nambari 17 nilistahili jibu la pili. Nilimtaja mwalimu, nikampata mwanafunzi. Kwa nambari 41 sijui ningejibiwa nini.

Lakini nisiwapambe Wajapani kupita kiasi. Kantei ina tundu lake, na tundu lenyewe ni kubwa.

Panga nyingi bora zaidi hazina jina kabisa. Tachi ndefu za wapanda farasi, mtindo wa vita ulipobadilika, zilifupishwa ili zichomekwe kwenye mshipi. Upanga hufupishwa kutoka upande wa mpini, na huko ndiko jina liliko. Likaenda na kipande kilichokatwa. Mara chache mwenye upanga alilionea huruma: akaikunja sehemu yenye jina na kuipachika upande wa pili, au akaikata kama stempu na kuiingiza kwenye nakago mpya. Wengi hawakujisumbua. Nao walikuwako wahunzi ambao tangu mwanzo hawakuwa na mazoea ya kuweka jina.

Masamune wa Sagami, aliyefanya kazi mwisho wa karne ya 13 na mwanzo wa karne ya 14, ndiye jina kubwa kuliko yote katika panga za Japani. Kazi zake zenye sahihi inayokubalika ni chache mno, visu vifupi tu, kama kile kiitwacho Fudō Masamune. Gō Yoshihiro wa Etchū hana hata moja. Wajapani husema kwa utani kwamba Gō na mzimu ni mamoja: vyote vinasimuliwa, hakuna aliyeviona.

Basi nani aliyesema huu ni wa Masamune na ule ni wa Gō? Ukoo wa Hon'ami. Kwa vizazi walinoa na kukagua panga za watawala, na chini ya ukoo wa Tokugawa neno lao lilikuwa la mwisho. Walitoa cheti cha karatasi iliyokunjwa, origami, chenye jina la mhunzi na thamani ya upanga. Naam, origami ile ile unayoijua kwa ndege wa karatasi. Hadi leo Kijapani kikitaka kusema kitu kimethibitishwa ubora wake, kinasema kina origami. Wakati mwingine waliliandika jina kwa dhahabu kwenye nakago yenyewe. Katika enzi ya Kyōhō, 1716 hadi 1736, shōgun Tokugawa Yoshimune aliwataka waandike orodha ya panga mashuhuri, na ndani yake Masamune, Gō na Yoshimitsu wakakaa juu ya wengine wote.

Ona mduara wenyewe. Upanga huu hauna jina lakini ni mzuri mno, kwa hiyo ni wa Masamune. Masamune ni mkuu kwa nini? Tazama panga zake, hasa huu. Panga hizo zilikuwa zawadi za mabwana kwa mabwana. Anayetoa alitaka jina kubwa, anayepokea alitaka jina kubwa, na mkaguzi alikula kwao wote wawili. Enzi ya Meiji, mkaguzi aitwaye Imamura Chōga aliibua swali ambalo liliwachoma wengi: je, Masamune huyu tunayemwabudu alikuwako kweli, au ametengenezwa na vyeti? Leo wataalamu wanakubali kwamba mtu huyo aliishi na kufua. Lakini swali halikuwa la kijinga, na anayesoma orodha yoyote ya "vitabu bora vya karne" anapaswa kuliuliza.

Kuna tundu la pili, na hili linanigusa zaidi. Wahunzi walikuwa na kitu kinachoitwa daisaku: kazi iliyofanywa na mtu mwingine kwa niaba ya bwana. Kunisada wa Osaka, mwenye cheo cha Izumi no Kami, alipozeeka, panga zilizotoka na jina lake zilifuliwa na mwanawe, yule ambaye baadaye alijulikana kama Inoue Shinkai na ambaye wengi wanamwona fundi kumshinda baba. Je, sahihi hizo ni za uongo? Wajapani wanasema hapana. Bwana ameidhinisha, karakana ni yake, jina ni lake. Wanachofanya ni kusema wazi: huu ni wa Kunisada, kazi ya mkono wa mwanawe. Mambo yote mawili yanaandikwa. Nafikiria wasaidizi wa watafiti wetu, wahariri walioandika upya nusu ya riwaya, wafasiri ambao majina yao yamekaa ukurasa wa nne kwa herufi za mchwa. Karakana zetu pia zina wana. Hatuna tu desturi ya kuwataja.

Turudi kwa Kondō Isami, aliyenileta huku. Mwaka 1864 kikosi chake kilivamia nyumba ya wageni ya Ikedaya mjini Kyoto, wakapigana ndani, usiku. Baadaye aliandika barua kwamba panga za wenzake zilivunjika au kupinda lakini wake ulibaki mzima, labda kwa sababu ni Kotetsu. Wataalamu wengi wanaamini haukuwa Kotetsu. Na simulizi moja mashuhuri inasema ulikuwa wa Minamoto Kiyomaro, mhunzi wa mtaa wa Yotsuya aliyejiua mwaka 1854, miaka kumi tu kabla ya usiku ule. Mfanyabiashara, inasemekana, aliuchukua upanga wake na kuchongesha jina la Kotetsu juu yake kwa sababu lingeuzika haraka. Siku hizi Kiyomaro anaitwa Masamune wa Yotsuya, na panga zake zinagombaniwa.

Hakuna anayeweza kuthibitisha simulizi hiyo, maana upanga wenyewe haujulikani uliko. Lakini ifikirie kama swali. Kama ni kweli, Kondō alikosea jina na akapatia upanga. Alisifu kitu kilichostahili sifa, sifa zikaenda kwa marehemu wa karne mbili nyuma, na fundi aliyeufua alikuwa kaburini bila kujua kwamba kazi yake imepita mtihani mkali kuliko yote. Kosa la jina halikumgharimu Kondō chochote. Lilimgharimu Kiyomaro.

Hiyo ndiyo sentensi iliyonitoa kitandani. Nilikuwa nimekaa miezi nikijihurumia: ooh, mimi mhakiki gani, ooh, jicho langu limekufa. Sikuwa nimemfikiria mwanafunzi wa nambari 17 hata kidogo. Katika kikao cha majaji, majina yalipotoka, nilisikia mtu akisema, "Aah, basi huyu anaiga tu," na alama zake zikashuka mbele ya macho yangu. Nami, niliyempa tisa, nilinyamaza. Nilihofia kuulizwa kwa nini nilimpa tisa. Nambari 41 alipanda. Hadithi ile ile, sentensi zile zile. Dakika moja mapema ilikuwa ya mtu anayejikaza, sasa ikawa "hatua mpya ya ujasiri". Mimi tena nilinyamaza.

Chama kikuu cha kuhifadhi panga Japani, kilichoanzishwa 1948, hakitoi cheti kwa upanga wenye sahihi ya uongo hata kama upanga wenyewe ni mzuri. Mwenye upanga ana njia mbili. Anaweza kuuacha ulivyo na uongo wake. Au anaweza kumpa fundi aifute sahihi kwa tupa, upanga ukawa hauna jina, na kupelekwa upya ukaguliwe kwa kazi yake tu. Inaonekana ni haki kabisa, sivyo? Futa uongo, kazi ijisemee. Lakini tupa hairudi nyuma. Zimewahi kutokea sahihi zilizoshukiwa na baadaye zikatetewa na wasomaji wengine. Ukishafuta, hata aliyekosea hana tena mahali pa kuja kukosoa kosa lake.

Ndiyo maana sitapendekeza, kama nilivyokuwa nimepanga nilipoanza makala hii, kwamba mashindano yote yaende bila majina na magazeti yachapishe hadithi kwa nambari. Kufunika nakago ni zoezi la kukifundisha kiganja na jicho. Mwisho wa kikao kitambaa kinavuliwa, kila mtu anaisoma sahihi, na mazungumzo mazuri zaidi huanza hapo: kama ni yeye, mbona hapa hakufanana na yeye? Jina lina kazi yake. Linadai, na bapa linajibu. Shida yetu kwenye kile kikao ilikuwa kwamba jina lilidai na sote tukasimama kulipigia saluti.

Wiki iliyopita nilizitoa tena hadithi zile mbili. Nilizichapa kwenye karatasi, nikafunika kila kitu cha juu kwa kitabu, ingawa sasa najua, na kujua hakufunikiki. Nambari 41 bado ni nne. Sawa, nne na nusu; kuna ukurasa wa mama anayehesabu sarafu ambao niliupita haraka kwa sababu matatu ilikuwa inanirusha. Zaidi ya hapo anajikaza. Ni mwandishi mkubwa aliyeandika hadithi dhaifu, jambo ambalo hutokea, na ambalo sikuwahi kulisema katika makala zangu mbili kwa sababu sikuwahi kuliangalia.

Nambari 17 bado ni tisa. Lakini safari hii niliona kitu. Kurasa sita za kwanza ni mwendo wa kuazima, safi, bila kosa, kama herufi zilizonakiliwa na mtu mwenye mkono mtulivu. Kisha ukurasa wa saba, msichana anarudi kwa shangazi yake Kayole na kukuta mlango umebadilishwa kufuli, na sentensi zinaanza kusita mahali ambapo yule mwandishi wangu hasiti kamwe. Patasi inakanyaga kwa namna nyingine. Huyo ni mtu mwingine. Nilipomsoma mara ya kwanza nilidhani pale amechoka.

Nimemwandikia barua pepe. Nimemweleza alama nilizompa, kwa nini nilimpa, na kwamba nilinyamaza. Nimemwambia kuhusu ukurasa wa saba. Hajajibu, na hana deni la kunijibu. Makala ya tatu kuhusu mwandishi ninayempenda nimeianza pia, na inaanza na hadithi ile ya alama nne na nusu.